Laptop Inaamkia Wapi

Mama mdogo wangu anachapa barua za watu. Chumba chake kiko mkabala na mahakama: meza mbili, printa moja yenye kiburi, na benchi la wateja. Mimi kazi yangu ni kukata karatasi na kupokea maneno yao wakichoka kusubiri. Na walisubiri kweli, maana laptop yake ilikuwa inawaka polepole hadi mtu anasahau alichokuja kukanusha.

Angeshaibadilisha zamani, lakini kuna mwanawe. Kabla hajaondoka kwenda kutafuta maisha, alirekodi sauti yake akaiweka humo, ili laptop kila ikiwashwa iseme: "Shikamoo mama. Kazi njema." Ulikuwa utani wa mtoto wa shule, sauti yenyewe bado nyembamba. Akaondoka, akapiga simu mara chache, kisha kimya. Hatujui yuko wapi. Mama mdogo anamkumbuka mno, wala hafichi. Kila asubuhi huwasha laptop, huisikiliza ile sauti, huiitikia, ndipo huuliza nani wa kwanza.

Diski ilipoanza kukwaruza kama inasaga mchanga, tulimwita fundi wa kompyuta, yule tunayemwita Bisibisi kwa sababu hata msibani huwa nayo mfukoni.

"Diski hii inachoka, mama. Natia mpya, na sauti ya kijana nakuhamishia huko."

"Sauti tu? Na vitu vyake?" Humo mlikuwa na picha zake, masomo yake, michezo aliyoiacha katikati. "Mtu akiwa safarini hauvurugwi mpangilio wa chumba chake. Akirudi akute kama alivyoacha."

Bisibisi alinitazama, mimi nikatazama printa. Basi akatafuta njia. Akang'oa kile kisanduku cha kuchezea CD, ambacho hakuna aliyekumbuka kilifunguliwa lini, akaipachika diski ya zamani hapo. Mpya akaiweka mahali pa kawaida, akaipa mfumo wake wenyewe. Laptop moja, diski mbili, na inaweza kuwaka kwa yoyote kati ya hizo.

"Tayari," akasema. "Nimeiseti iamkie diski mpya."

Uso wa mama mdogo ukabadilika. "Iamkie diski mpya? Kwani hiyo diski ni mkubwa wake? Anayeamkiwa hapa ni mimi."

Fundi akisema laptop inaamkia diski fulani, ana maana inaanzia hapo inapowaka. Mama mdogo alisikia shikamoo ya mwanawe imepelekwa kwa mwingine. Nilicheka hadi nikaegemea ukuta, yeye hakucheka. Bisibisi ni muungwana, akarekebisha: ukiiwasha, inakuonyesha diski zote mbili na kungoja kidogo uchague. Usipochagua, inaamkia kwa mtoto.

Ikawa hivyo. Asubuhi anamsikiliza mwanawe, kisha anaiwasha upya kwa diski mpya, na kazi inakwenda mbio. Benchi likapata nafasi. Nilidhani mambo yamekwisha.

Mchana mmoja simu yake ikaita. Namba ngeni. Mikono yake ilikuwa na wino wa printa, nikamwekea spika.

"Shikamoo, mama." Sauti nzito, ya mwanamume aliyechoka.

"Marahaba, baba. Kama ni ile barua ya kiwanja, bado. Pitia jioni."

Kisha ile sauti ikasema, "Sawa," na simu ikakatika.

Mama mdogo alifuta wino, akachapa mstari mzima kabla vidole havijasimama. Tulipopiga tena, akapokea mwenye simu. Akasema kijana aliyemwazima ameshaondoka, hamjui, ila aliomba simu ili ampigie mama yake.

"Namsikiliza kila asubuhi," mama mdogo akaniambia, "na sikumjua."

Laptop ilimtunzia mtoto, na aliyepiga alikuwa mtu mzima.

Siku hizi namba ngeni ikiita haulizi ni nani. Anaacha kazi, anasema, "Sema mwanangu, nakusikia." Wauza bima, waliokosea namba, wenye barua za viwanja, wote huambiwa hivyo, na wote humwamkia kwanza, ndipo humwambia kuwa wao si yeye.