Siku Niliyopiga Risasi Pikapu ya Baba Mkwe

Naomba mcheke mara moja mmalize, kwa sababu wengine wenu mmeshaisikia hii habari ikiwa imeongezwa chumvi, na mimi nimechoka kuulizwa sokoni Roret kama ni kweli nilipigana na gari. Sikupigana na gari. Nililipiga risasi. Gari la baba mkwe wangu, mchana kweupe, na mwenyewe amekaa nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki, chai mkononi.

Mnanijua, nina duka la dawa za mifugo, na nikipata nafasi naenda kulenga shabaha na klabu yetu, watu wenye leseni na bunduki za masafa marefu, kule kwenye mashamba ya ngano upande wa Mulot wakishavuna. Mimi ni Mjaluo wa kuzaliwa Kericho, kwenye nyumba za wafanyakazi wa majani chai, nikaolewa kwa Wakipsigis, na miaka yote hiyo baba mkwe aliuona mchezo wangu kama wazimu ("Mwanamke analenga nini, kwani kuna vita?"). Mwaka huu akalainika. Akasema atakuja kuniona, yeye na mama mkwe, na tena nitaendesha pikapu yake mimi. Hiyo pikapu hata wanawe wa kuzaa hawapewi, wanaomba mpaka wanachoka, na siku aliponiwekea ufunguo mkononi nilijua sasa nimeingia kwenye hiyo boma kabisa, si wa kuolewa tu. Ndiyo maana nawaambia haikuwa mashindano tu kwangu.

Sasa kosa. Kosa lilianza na ringi, vile vyuma viwili vya mviringo vinavyoshika darubini juu ya bunduki. Kuna fupi na kuna ndefu. Kirui, ambaye ndiye mwamuzi wetu na ndiye aliyenifundisha, aliniambia nichukue fupi, zile ambazo darubini inapita juu ya mtutu bila kuugusa na basi, halafu nilaze shavu kwenye kitako cha bunduki, jicho lijikute lenyewe katikati ya kioo.

"Ukiweka juu sana, dada, shavu itaning'inia," akasema. "Na jicho yako itakuwa ghorofani na mtutu iko chini. Hizo mbili hazioni kitu moja."

Nikamsikia, nikaitikia, nikaenda nikanunua ndefu. Nina shingo ndefu mimi (mnaniona), na nina miwani, na kuinamisha kichwa kulinichosha. Na tuseme ukweli, bunduki yenye darubini juu juu ilipendeza kwenye picha. Mazoezini nikilala chini uwanja ukiwa mtupu nilipiga vizuri kabisa, risasi ilienda pale pale nilipotaka, nikaanza kumwona Kirui kama mtu wa kupenda kuongea.

Siku ikafika. Raundi za kwanza nikaongoza, naapa, nikawa wa kwanza, na nikigeuka namwona mzee anamweleza jirani yake kitu huku akininyooshea kidole. Nyuma ya pikapu mama mkwe alikuwa amebeba sotet, yaani kibuyu, ya mursik, yale maziwa ya kugandisha, na sinendet, ule mmea wa kutambaa ambao huku wanamvisha mshindi shingoni, kama mnavyoona wakimbiaji wakirudi nyumbani. Walikuwa wameukata asubuhi kabla hata sijashinda kitu. Nikiukumbuka ule mmea bado moyo unanijaa.

Raundi ya mwisho ilikuwa ya kupiga ukiwa umesimama nyuma ya gari, bunduki juu ya boneti, ulenge sahani ya chuma mbali huko chini ya kilima. Gari la klabu likakwama kwenye matope. Watu wanaanza kuulizana, na mimi mdomo wangu ukafunguka wenyewe: tutumie pikapu ya mzee.

Mzee akafurahi mpaka akainuka. Alikuwa ameegemea hiyo boneti muda wote, kikombe chake kimekaa pale juu, akakichukua, akaipapasa pikapu na kuniambia, "Kobot Chebet" (mama Chebet, ndivyo anavyoniita, kwa jina la binti yangu), "tumia. Ni yako." Nikaileta kwenye mstari. Kirui akawatoa watu wote mbele na pembeni, akawarudisha nyuma, akaangalia tena, ndipo akaniruhusu.

Nikaweka blanketi iliyokunjwa ukingoni mwa boneti, upande wangu, bunduki juu yake. Pikapu za zamani mnazijua, boneti inainuka katikati. Jicho langu likapita juu ya huo mwinuko bila shida yoyote, sahani naiona safi kabisa, nyeupe, inaniita. Mtutu sikuuangalia. Nani anaangalia mtutu na ana darubini? Nikavuta pumzi, nikafyatua.

Chuma kikalia. Nikainua mkono juu, mama mkwe akapiga vigelegele, na mimi nikageuka kwa watu nikitabasamu meno yote, kisha nikaona hakuna mwingine anayetabasamu.

"Toa risasi zote. Weka bunduki chini," Kirui akasema polepole. Halafu akasema, "Dada, umepiga gari."

Boneti ilikuwa imepasuka mfereji katikati, bati limekunjuka, na chini yake mpira wa rejeta umekatika, mvuke unapanda. Risasi ilikuwa imezamia kwenye udongo hatua chache mbele. Nilitamani ardhi inimeze na mimi pia. Kwetu hata kukaa karibu na baba mkwe ni aibu, sasa huyu nimempigia gari, nikaanza kulia na sikujali nani ananiona.

Mzee akaja. Akaangalia shimo muda mrefu. Akaweka kiganja chake pale, kisha akaweka kiwiko, vile alivyokuwa ameegemea, na hapo ndipo nilipoelewa anapima nini.

"Ni hapa nilikuwa," akasema. Akamgeukia Kirui, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante kwa kutufukuza." Kisha akaniangalia mimi. "Wacha kulia. Gari imekufa, mtu hajakufa. Mama, leta sinendet."

Akaivisha pikapu. Akazungusha ule mmea kwenye kioo cha pembeni na juu ya boneti mpaka shimo likafunikwa, tukanywa mursik, tukafungwa kamba nyuma ya trekta kuelekea Bomet. Na barabarani, jamani, watu wakiona sinendet wanajua kuna ushindi, wakawa wanatoka madukani wanatupungia na kupiga vigelegele, mmoja akauliza tumeshinda nini, na mzee, amekaa kando yangu dirisha wazi, akajibu, "Tumerudi wote." Nilikuwa nashika usukani na machozi yanateremka, lakini sasa yalikuwa mengine.

Siku hizi natumia ringi fupi, na miwani nimebadilisha fremu. Na nimeapa, sifyatui tena kitu chochote kabla sijainama nikatazama kando ya mtutu, nione kile ambacho wenyewe unaona. Namshukuru Mungu, namshukuru Kirui na ukali wake, namshukuru mzee.

Mpira wa rejeta ulibadilishwa. Boneti amekataa isizibwe. Jumapili iliyofuata, mbele ya wanawe wote, alitoa ufunguo mfukoni akaniita. "Kobot Chebet, tupeleke kanisani," akasema, na kabla hajapanda akapita mbele, akaweka kiganja kwenye lile shimo kidogo, halafu akaja akakaa kando yangu.