Nilimeza dawa ya moyo ili niweze kumsimulia mama kifo cha mwanawe: yaliyonikuta Brussels

Wakuu, salaam kwenu wote, hata nyie mnaosoma kimya kimya bila kuacha hata like.

Juzi kuna mwenzetu humu kauliza kama ipo dawa ya kutuliza kumbukumbu mbaya. Majibu yakamiminika: mwarobaini, kufunga siku tatu, kuoa. Mmoja akamshauri afuge kuku wa mayai.

Nikasema ngoja nimwage langu, maana dawa ya namna hiyo mimi nimeimeza. Ninachoandika kilinitokea mimi mwenyewe. Asiyeamini jukwaa la michezo liko wazi.

Mnijue kwanza. Mimi ni Mkongo wa Bukavu, Dar nimekuja ukubwani. Kiswahili changu kikiteleza mnivumilie, mnavumilia vya wabunge.

Turudi miaka ya tisini, Brussels. Nilikuwa nasafisha ofisi pale Porte de Namur. Ndugu zangu niliwaambia nafanya kazi ofisini, na hapo sikudanganya hata neno moja.

Kilichonifikisha huko ni vita. Tulitoka Bukavu juu ya lori la mizigo, mimi na rafiki yangu Déo, tulikuwa mafundi kwenye garage moja. Njiani tukakuta kizuizi. Askari wakaangusha mlango wa nyuma wa lori, wakaamuru wanaume wote tushuke, wakatugawa pande mbili. Upande wangu tukaambiwa tupande tena.

Upande wa Déo waliwapiga risasi. Nilikuwa namwangalia.

Walitugawa kwa kigezo gani sijui mpaka leo, na nimechoka kujiuliza.

Sasa Brussels ni mji wa amani, chokoleti na mvua. Tatizo mwili wangu hakuna aliyeupa taarifa.

Lori lolote likiangusha mlango wake wa nyuma, ule mlio wa chuma tu, moyo unaanza mbio, mikono inatetemeka, jasho, pumzi hakuna. Na mji ule malori ya kushusha mizigo yako kila kona.

Siku moja nilikuwa Chaussée d'Ixelles, mtaa wa maduka, lori likafanya mambo yake. Nilipopata fahamu nilikuwa nimechuchumaa ndani ya duka, katikati ya sidiria. Muuzaji, dada wa watu mpole, akaniinamia akaniuliza monsieur anatafuta size gani.

Nikatoka zangu.

Nikapeleka shida yangu kwenye kanisa letu la Wakongo. Wakasema ni pepo la woga. Wakanisukuma kwenye paji la uso mpaka nikaanguka chali. Niliamka na maumivu ya mgongo, na pepo yuko palepale ananingoja.

Hayo yote ningeishi nayo tu. Watu wanaishi na mengi.

Kilichonibana ni ujio wa Maman Béatrice.

Huyu ni mama yake Déo. Binti yake Espérance, dada wa Déo, alikuwa na nyumba ya kupanga Saint-Gilles, ghorofa ya juu, akafanikiwa kumleta mama. Habari kwamba Déo kafa alikuwa nayo muda mrefu. Lakini kwetu kujua kwamba mtu amekufa haitoshi. Aliyekuwa naye mwisho lazima aje, akae mbele ya familia, aeleze tangu mwanzo ilivyokuwa. Asipokuja, matanga hayaondolewi.

Kwa hiyo mama wa watu alikuwa Ulaya, kwenye nyumba yenye heater na vitanda viwili, na analala chini kwenye godoro akiwa na nguo nyeusi. Ananisubiri mimi.

Na mimi nikimwona Espérance ng'ambo ya barabara, nakumbuka ghafla kwamba nina haraka.

Siyo kwamba sikutaka kwenda, jamani. Nilijaribu. Nilifika mpaka mlangoni kwao nikabonyeza kengele, nikasikia sauti ya mama kwenye ile spika ya ukutani anauliza ni nani. Mdomo ukakauka, mikono ikaanza kazi yake. Nikashuka zangu mtaani.

Mwishowe Espérance akanikamata kwenye ngazi za metro, hakuna pa kukimbilia. Hakunigombeza. Akaniita tu kaka kwa Kiswahili cha kwetu, "Yaya, mama anazeeka pale chini. Hautaki kuya?"

Hapo nikaamua kwenda kwa daktari.

Mzungu mmoja mzee, haongei sana. Nikamweleza kila kitu, hadi sidiria. Akaniandikia vidonge, propranolol, akanipa na boksi la kuanzia. Wataalamu wa humu wanaviita beta blocker. Nikasoma karatasi ya ndani ya boksi: dawa ya presha na moyo. Nikamwambia docteur, mimi siumwi presha, naumwa Bukavu.

Akacheka kidogo. Akanieleza kwamba hata wapiga piano wanameza kabla ya kupanda jukwaani. Dawa haifuti kumbukumbu, inauzuia mwili usishtuke. Meza kimoja, saa moja kabla ya jambo linalokutisha. Akaniuliza pia kama nina pumu, maana wenye pumu ni hatari kwao. Nyie wa "inbox nikuuzie" mmesikia.

Wakuu, nisiseme uongo, ile kitu inafanya kazi.

Nilimeza nikaenda kusimama makusudi karibu na soko la Gare du Midi, malori yanashusha mboga. Mlango ukaanguka. Kumbukumbu ikaja yote, kizuizi, askari, Déo. Moyo ukabaki unatembea mwendo wake wa kawaida, utadhani hizo habari ni za mtu mwingine. Nikasimama pale nikanunua na nyanya.

Nikampigia Espérance, nikamwambia Jumamosi mchana nakuja.

Hapo ndipo ujuaji ukaniingia. Daktari kasema kimoja. Nikajisemea kimoja ni kwa mpiga piano, mzungu, mtu wa mwili laini. Mtu aliyetoka vitani anastahili viwili. Halafu nikafanya mazoezi mbele ya kioo wiki nzima, sentensi kwa sentensi, nisije nikakwama mbele za watu.

Jumamosi nikafika. Nilitegemea mama na binti. Nikakuta ukoo mzima na nusu ya kanisa, viti vya kuazima mpaka kwenye korido. Msemaji wa familia ni Tonton Faustin, shemeji wa Maman Béatrice, kavaa suti ya mistari na miwani anayoivua kila anapotaka kusema. Mama mwenyewe yuko chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

Tonton akavua miwani. "Bon. Mutoto, sema. Tunakusikiliza."

Nikasema.

Wakuu, niliongea vizuri mno. Mkono hautetemeki, sauti imenyooka. Lori lilitoka wapi, likapita wapi, kizuizi kilikuwa upande gani wa barabara, askari walisimama vipi. Risasi. Nikamaliza, nikashukuru kwa kunisikiliza. Kidogo niulize kama kuna maswali.

Hakuna aliyelia.

Sasa kwetu, msimuliaji akifika penye kifo anavunjika. Yeye ndiye anawafungulia wengine mlango wa kulia. Akina mama walikuwa wameshajifunga vitambaa kichwani, wanasubiri nivunjike ndipo waanze. Sikuvunjika. Mmoja alishafungua mdomo, ikabidi aufunge.

Tonton Faustin akavua miwani tena. "Donc, rafiki yako wanamuua mbele yako, na unatuelezea sawa vile journaliste. Hata mukono haitetemeke." Akawageukia watu. "Ule muntu anasema ule askari alimurudisha mu lori. Juu ya nini yeye, na si Déo? Alors, tuulize."

Mnaelewa kilichotokea hapo? Mwaka mzima na zaidi nimeogopa kutetemeka mbele ya watu hawa. Siku nimefanikiwa kutotetemeka, nageuka mtu aliyemuuza rafiki yake. Hongera zangu.

Minong'ono ikaanza. Espérance akaniangalia kwa jicho ambalo sikutaka kuliona kwake. Na mimi kwa ndani nilikuwa nimeumia hasa, ila mwili haukutoa ushirikiano. Moyo wangu unapiga taratibu kabisa, mimi nashutumiwa mauaji.

Nikaona isiwe tabu. Nikatoa boksi mfukoni, nikaliweka kwenye mkeka mbele ya mama.

"Maman, ni hii. Bila hii nisingefika. Nilishafika mlangoni kwenu nikakimbia."

Tonton akataka kulichukua alisome. Mama akamuwahi. Hakuvaa miwani, hakusoma. Alilitambua kwa rangi.

"Iyi?" akasema. "Iyi ni ya tension. Mi nakunywaka kila asubui."

Akamwambia Espérance alete mfuko wake wa dawa kutoka jikoni. Dawa ileile, kampuni ileile. Alianzishiwa na daktari wake alipofika, presha ilikuwa imepanda vibaya.

Akaanza kucheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Akawaambia wale akina mama, "Munasema mi niko na roho ya majiwe, silii mutoto yangu. Ni miezi mingapi munasema vile? Minawasikiaka ku jikoni."

Akina mama wakaanza kutazama mazulia. Nilifurahi, acha niseme ukweli.

Kama ni dawa au ni huzuni yenyewe ndiyo ilimkausha mama, mimi sijui, na daktari baadaye alikataa kuapa. Ila pale mkekani tulikuwa wawili, mikono imetulia, na chumba kizima kinatuona hatuna utu.

Akapapasa mkeka, nikakaa karibu naye. Tonton Faustin akavaa miwani akanyamaza, jambo ambalo sijaliona tena maishani.

Mama akaniuliza, pole pole, kwa sauti ya watu wawili tu:

"Ile siku asubui, alikulaka?"

Wakuu. Wiki nzima mbele ya kioo. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la askari, la barabara, la kwa nini mimi. Hilo sikuwa nalo.

Nikamwambia ndiyo, Maman. Alikula. Tulinunua viazi vitamu vya kuchemsha kwa mama mmoja kijijini, vya moto. Déo alikula vyake, akachukua na changu kimoja, akasema eti mimi ndiye huwa sina njaa asubuhi.

"Déo ile," akasema mama. "Hakuachaka kukula ya wengine."

Machozi yakanitoka. Mikono imetulia kabisa juu ya magoti, moyo unapiga kistaarabu, na machozi yanashuka mpaka kwenye kola. Kumbe ile dawa haifiki machoni, kwenye karatasi hawakuandika. Maman Béatrice akaniangalia, uso wake ukakunjamana, akalia kwa sauti. Mara ya kwanza tangu afike Ulaya.

Na akina mama nao wakapokea. Nyumba nzima.

Jirani wa chini, mzee wa Kibelgiji, akapanda kugonga mlango kuuliza kama aite polisi. Tonton Faustin akampa pole kwa Kifaransa safi, akampa na sahani ya pondu, kisamvu chetu. Mzee akala palepale koridoni, amesimama.

Jioni mama alilala kitandani.

Nilichojifunza ni hiki. Dawa ilinisaidia kupanda zile ngazi, sitaidharau. Nilimeza muda mrefu kwa usimamizi wa daktari, na nilipoacha niliacha polepole, msikurupuke kuacha ghafla. Daktari aliposikia nilimeza viwili alinifokea vizuri sana. Kumbukumbu sijasahau hata moja. Nilidhani mama anataka kujua mwanawe alivyokufa, nikamwandalia risasi. Yeye alitaka kujua kama alikufa na njaa, na hilo nilikuwa nalo kichwani siku zote, nimekimbia nalo mitaani mpaka kwenye sidiria.

Haya, madaktari wa humu njooni mnirekebishe dose, na wa kuku wa mayai njooni na takwimu zenu. Mwenye kisa chake akiweke hapa chini, nitasoma.

Ila kama yupo mama mahali anasubiri habari za mwanawe kutoka kwako, usicomment. Funga simu uende.