Karatasi ya Muuguzi Iliyomfukuzisha Mariam Kazi

Saa tatu asubuhi, Mariam Poni ameshakaa juu ya gunia lililokunjwa, kando ya barabara ya vumbi huko Lobule, wilaya ya Koboko, anaponda kokoto. Anaponda kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba tangu begani, ameulaza pajani kama mtoto mgonjwa, na kila nyundo ikishuka uso wake unajikunja.

Lori la kampuni inayojenga barabara linapita na kumfunika vumbi. Dereva anapiga honi, anapunga mkono. Mariam anaendelea kuponda. Miezi mitatu iliyopita dereva huyo huyo asingepita bila idhini yake, maana Mariam ndiye aliyekuwa mshika bendera, mwenye kile kibao cha upande mwekundu wa kusimamisha magari na upande wa kijani wa kuyaachia.

“Huku kwa mawe hakuna mutu anauliza mukojo yako,” anasema, bila kucheka.

Ana miaka arobaini na minane, ni mjane, na jina hili tumempa sisi, kama tulivyowapa wengine wote humu. Mwaka juzi alikatwa titi la kulia kwa saratani, na mkono wa upande huo ukaanza kuvimba. Dawa zilizofuata zikamwokoa, alhamdulillahi, lakini zikamwachia moto wa viganja na nyayo usiozimika. Elena, muuguzi wa Arua anayezunguka vijijini kuhudumia wenye maumivu makali, alimpa mofini ya maji, dawa halali kabisa. Mariam akawa anasinzia amesimama, na malori yanapita mbele ya pua yake. Akaiacha. Nani angemlaumu?

Ndipo mama mmoja mchuuzi kutoka upande wa Congo, tumwite Laurette, alipomletea kichupa cha mafuta ya bangi.

Hapa tuseme wazi, kwa sababu wengi wetu tukisikia bangi tunaona kijana amejibanza nyuma ya choo na macho mekundu. Mariam hajavuta hata siku moja. Moshi ungemkohoza, na harufu ingemwaibisha katika nyumba ya watu wa swala tano. Yeye alidondosha matone mawili kwenye uji, jioni, baada ya kazi. Mara ya kwanza alingoja nusu saa, akaona kimya, akaongeza matano. Lo! Aliamka kesho yake saa sita mchana, nyumba nzima inazunguka. Elena alimgombeza sana, akamweleza kwamba kinachovutwa hupanda upesi, ila kinacholiwa huchukua hata saa mbili, na mwenye pupa ndiye anayeanguka. Tangu hapo hakuzidisha matone mawili. Alijaribu pia kujipaka viganjani, hakuona nafuu.

“Siku ile ya matone mbili nililala mpaka adhana,” anakumbuka. “Miaka mbili sijalala hivyo.”

Sheria ya nchi inaacha mlango mwembamba wa bangi ya tiba, kwa vibali vya serikali. Lakini mwombe daktari wa huku akuandikie, uone atakavyogeuza macho dirishani. Mgonjwa wa Lobule mlango huo hauoni, seuze kuupita.

Mariam ni mtoto wa kambini. Baba yake alikuwa sajini, na katika nyumba za wanajeshi wa Koboko mtoto hufundishwa mapema: ukiumwa, ripoti kwa mkubwa wako kabla hajakugundua, tena uwe na karatasi ya daktari mkononi. Mwenye karatasi halaumiwi. Anayeficha ndiye mkosaji.

Kwa hiyo kampuni ilipotangaza kwamba wafanyakazi wote watapimwa mkojo, wenzake wawili, wavutaji wa kweli kweli, waliomba ruhusa ya msiba wakatoweka. Mariam aliamua kuripoti, na kwanza akamwomba Elena karatasi.

Elena alisita kuandika. “Nitaandika unachoumwa na unachotumia,” alimwambia. “Sitaandika kwamba nimekuruhusu. Uwezo huo sina.”

Mariam alipouona muhuri, moyo ukatulia. Kwake yeye, karatasi yenye muhuri ni ngao. Akapanda gari mpaka Arua, akasimama wima mbele ya meza ya Adriko, msimamizi wa usalama wa kampuni, akamkabidhi kwa mikono miwili. Adriko akamshukuru kwa uaminifu wake na kuitia karatasi kwenye faili.

Siku ya tatu alipimwa. Siku ya tano aliachishwa kazi. Barua ilitaja ushahidi wa aina mbili: mkojo wake na karatasi yake. Wale wawili wa msiba walirudi mambo yalipopoa, na wapo barabarani mpaka leo. Inauma, na hakuna haja ya kulipamba neno hilo.

Adriko si mtu mbaya. “Lori la mchanga haliulizi kama umetumia kwa raha au kwa ugonjwa,” anasema. “Mtu akifa pale, nani atajibu?”

Ni swali la haki. Ila kipimo kile husema tu kwamba kitu kimo mwilini. Hakisemi kiliingia lini, wala kama mtu alikuwa amelewa kazini. Adriko alipoulizwa kama kanuni zina kifungu cha mgonjwa, alizifungua, akazipekua, akazifunga. Hakuna.

Bendera ilimpa Mariam shilingi elfu kumi na tano kwa siku. Kokoto zinampa elfu tatu, siku ambayo mkono umekubali. Mnunuzi ni kampuni ile ile.

Sasa wamemwambia kwamba akikaa siku arobaini, akapimwa tena na kukutwa safi, atarudi kazini. Leo ni siku ya thelathini na nne. Matone ameyaacha, na moto umerudi. Usingizi hana tena, anakesha mikono imo kwenye beseni la maji. Wiki jana Laurette alipita na kichupa. Mariam alimfukuza kwa maneno mabaya, kisha akaingia ndani akalia.

“Wako na kipimo ya bangi,” anasema. “Ya maumivu hakuna. Ingekuwa iko, wangepima mimi hiyo.”

Mpango wake ni kurudi kwenye kibao, akishike kwa kushoto mpaka barabara iishe, apate za kujengea chumba cha kupangisha Koboko mjini. Fomu ya kuajiriwa upya ameshaijaza, isipokuwa sehemu moja inayouliza kama mwombaji ana ugonjwa au maumivu yoyote. Anasema Adriko mwenyewe alimpigia simu juzi, kwa sauti ya chini, akamwambia: mama, safari hii usilete karatasi.

Ataandika nini?

“Nitaandika hapana,” anasema Mariam. “Ya kweli nilishapeleka mara moja.”