Klachi Iliyomshinda Mwenye Gari

Bado sijaamini. Nilikuwa gereji moja ya Majengo wiki hii, watu wa Dar walipoanza kupanda nyumbani kwa Krismasi. Kijana mmoja alileta gari lake la spoti, lililofungwa klachi ya mashindano, ngumu kuliko ya lori. Fundi alikuwa uvunguni akitoa upepo kwenye mabomba ya klachi.

"Kanyaga! Shikilia!"

Kijana akakanyaga kwa nguvu zote, pedali ikarudi. Mara tatu.

Mama yake, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri kupelekwa nyumbani Machame, akavua kandambili. "Toka kwanza, baba." Akaingia, akakanyaga mpaka chini, akatulia kama yuko kanisani.

"Sasa huyo ni nani?" fundi akauliza kutoka uvunguni.

Tulikuwa tumeachama.

"Gari lilikuja hivi?" mama akamuuliza mwanawe.

"Hapana, mama. Klachi yake ilikuwa laini. Nikabadilisha."

Mama akashtuka kuliko sisi sote. "Miaka yote napandisha majani ya ng'ombe mlimani, namwomba Mungu anilainishie kazi. Wewe umelainishiwa, ukatafuta fundi?"

"Achia, mama," fundi akasema kutoka chini.

Hakuachia. Alikuwa anasubiri jibu.