Maziwa Yasiyoonjwa

Mpaka leo mtu akinikaribisha chakula, naangalia kwanza mkono wake, halafu uso wake, ndipo niangalie sahani. Watoto wangu wananicheka. Wanasema mama yao angefaa kuwa askari wa mpakani. Nawaacha wacheke, kwa sababu wao hawakukulia katika nyumba yenye majiko mawili, moja la shangazi na moja la mama, na moshi wa kila jiko ukimsema mwenye jiko lingine.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu walipotolewa kwenye makazi yao ya zamani wakapangwa katika vijiji vipya kando ya barabara. Sisi tulitoka milimani, upande wa Buhigwe, tukaletwa kwenye barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo. Migomba tuliiacha imesimama na mikungu yake. Bustani ya mboga ya mama tuliiacha. Tukaja na ng'ombe mmoja, mbegu, na vyombo vya kubeba kichwani. Nyumba zilipangwa mstari mmoja hata jirani akikaanga kitu unajua ni nini, na kama hakaangi unajua pia. Kwa muda mrefu chakula kilikuwa ugali wa muhogo na maharage, kesho maharage na ugali wa muhogo, na mara chache unga wa njano wa kugawiwa ambao hakuna aliyeupenda.

Maziwa ndiyo yalikuwa raha yetu pekee. Baba alikamua, na shangazi, dada yake mkubwa, aliyagandisha kwenye kibuyu. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto. Mumewe alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, na mnajua watu wakisikia tumbo wanasema nini. Ndugu wa mume walimfungasha virago akarudi kwa mdogo wake, yaani kwetu. Lisemwalo lipo, alisema mama, na kama halipo laja. Alilisema akiwa nami tu, tukipepeta maharage, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua.

Kwetu Uha anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako. Pombe, uji, hata togwa la msibani. Ni heshima, na ni kukutoa wasiwasi kwamba hakuna kilichotiwa humo. Shangazi alionja uji. Pombe ya ndizi ilipopatikana, aliionja tena kwa funda kubwa. Lakini maziwa hakuonja. Alifuta mdomo wa kibuyu, akamimina, akaweka chini mbele ya mama, akarudi nyuma hatua kidogo na kusimama. Mama aliliona hilo kabla sijaliona mimi, kisha akanionyesha kwa macho, na tangu hapo sikuweza kutoliona.

Sumu ni neno ambalo ukilitoa haliingii tena mdomoni. Mama alisema tu, "Nimeshiba, wifi," na bakuli likarudi lilivyokuja. Baadaye akaanza kuwa na shaka na maharage, maana yalipikwa na mikono ileile. Akajenga jiko lake nyuma ya nyumba na kupika ugali wa muhogo, akaula na chumvi. Asubuhi kiporo chake, jioni ugali mwingine na chumvi nyingine. Akanikataza nami chungu cha shangazi. Wadogo zangu walikula kote kuwili na walinenepa vizuri tu, lakini jambo hilo mama hakutaka kulitazama, na mimi nilikuwa upande wa mama.

Tumbo lake likajaa likawa gumu. Choo kilikuwa taabu. Usingizi ukamkimbia, na asiyelala huwaza sana, na mawazo yake yote yalikuwa na uso wa wifi yake. Alilia akiwa anamenya muhogo, bila sababu ya kulia. Alimfokea baba kwa kukohoa. Moshi ukielekea kwake, aliuliza nani kaugeuza. Tumbo lilipozidi kuuma alisema, mmeona, sumu inafanya kazi. Na alivyozidi kuamini hivyo ndivyo alivyozidi kula kidogo. Tumbo na kichwa chake vilikuwa vinapelekeana umbea siku nzima. Nami shuleni niliumwa tumbo, na nilijua kwa nini: nilikuwa nimeiba funda la mtindi. Nilikaa kwenye dawati nikisubiri kufa, mwalimu akidhani nawaza hesabu.

Ndipo alipokuja baba mkubwa, kaka yao baba na shangazi. Alikaa na baba nje, nami nikakaa ndani karibu na dirisha, maana sikumwamini mtu aliyekuja bila kuleta hata muwa.

"Mke wako akili zimeyumba," alisema. "Tukishavuna, mpeleke kwao Kasanda wamtazame."

"Na watoto?"

"Watoto ni wa ukoo. Watabaki na shangazi yao."

Baba alisema angempa jibu siku nyingine. Mama angeondolewa, na sisi tungebaki na jiko la yule yule. Kwangu ilikuwa dhahiri kwamba mpango wote ulikuwa huo toka mwanzo, na kwamba baba mkubwa alikuwa ndani yake. Nilimwambia mama kila kitu kabla mgeni hajamaliza kuaga. Mama alinisikiliza kwa utulivu ulioniogopesha kuliko vilio vyake.

Baba, labda kwa kutafuta muda, alimpeleka kwanza zahanati. Nilienda nao. Mganga alikuwa mtu wa Tanga, serikali ilimleta huku kwetu kwenye baridi, na alivaa koti kubwa saa sita mchana. Alimbonyeza mama tumbo, akauliza kwa Kiswahili chake laini, "Mama, watumia chakula gani?"

"Kama watu wote."

"Jana umekula nini?"

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Baba ndiye aliyesema. "Muhogo na chumvi. Mwezi na mwezi."

Mganga akavuta koti lake. "Sasa hilo tumbo lisiudhike vipi? Na tumbo likiudhika, moyo hautulii. Mboga za majani, maharage, maji mengi. Na mtindi, maadamu mwafuga. Unywe kila siku."

Alitoa na dawa nyeupe ya maji kwenye chupa. Mama aliishika chupa mbali na nguo yake. Njiani aliniambia kwamba kila anayetaka kumtibu anamrudisha kwenye kibuyu kilekile, na je, mimi silioni hilo? Niliona. Nilitamani sana nisilione, lakini niliona.

Siku baba mkubwa aliporudi kusikia jibu, tulikuwa wote uani baada ya chakula cha mchana. Shangazi alikuwa amekula maharage, sahani yake bado pembeni. Baba akamwambia alete mtindi, agizo la mganga. Shangazi akafuta mdomo wa kibuyu, akamimina, akaweka chini, akarudi nyuma.

"Onja, wifi," mama alisema.

Lile neno ambalo halikutajwa lilikuwa limetajwa.

"Leo siwezi," shangazi alisema.

"Na jana hukuweza. Na juzi."

Baba akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Kumbe ni hilo? Mama wee, amekula maharage! Aliyekula maharage hagusi maziwa siku hiyo, ng'ombe ataharibika. Ndiyo mwiko wa bibi zetu. Sisi wengine tumeuacha, yeye hajauacha. Kwani kwenu Kasanda hamkusikia?"

Kwao Kasanda hawakufuga. Walikuwa watu wa misheni, na miiko ya ng'ombe kwao ilikuwa habari za kale. Nilitazama uso wa mama nione kama ameamini. Hakuamini. Nami pia sikuamini, maana mwiko uliokuja kwa wakati mzuri namna ile ulistahili kuangaliwa pande zote.

"Kila siku maharage?" mama aliuliza.

"Kila siku," shangazi alisema. "Kuna kitu gani kingine?" Halafu akasema, bila ukali, "Nilidhani unajua kwa nini sionji. Nilidhani unayarudisha kwa kuudharau mwiko wetu."

Akainama, akachukua bakuli. Baba mkubwa alisimama nusu. "Dada, acha. Tuna ng'ombe mmoja."

Shangazi akanywa. Hakuonja, alikunywa, hadi nusu ya bakuli, mtindi mwingine ukimchuruzikia kidevuni. Akampa mama. Mama akanywa iliyobaki huku analia, na baba mkubwa akaenda kumwangalia ng'ombe.

Nami nilimwangalia ng'ombe yule kwa majuma. Hakuharibika. Mama alikula maharage, akapanda mchicha na matembele, akanywa mtindi wake, na polepole tumbo likalainika na usingizi ukarudi. Siku moja nilimsikia anacheka peke yake jikoni, nikaenda kuchungulia nani yuko naye. Habari ya Kasanda haikutajwa tena.

Lakini nikaona jambo jingine, maana mimi siachi kuona. Shangazi aliacha kula maharage. Aliyasukumia kwa wadogo zangu, akala ugali na mchuzi wa chumvi. Nikasema moyoni, haya, sasa ni zamu yake kuogopa, anadhani mama atalipiza. Nikamuuliza. "Yananijaza gesi," alijibu, mtu aliyekuwa akiyapenda hadi makoko ya chini ya chungu. Sikumwamini, nikamvizia.

Nilimkuta asubuhi. Alimimina mtindi, akaonja funda moja mbele ya mama, akampa. Mama akapokea bila kumtazama, kama mtu anayepokea haki yake. Kesho yake hivyo hivyo. Shangazi alikuwa ameacha chakula cha kila siku cha nyumba ile, ili kila siku aweze kuonja bila kumdhuru ng'ombe.

Sijui mama aligundua lini. Hakuwahi kuomba radhi. Hakuwa mtu wa maneno hayo. Jioni moja tu alipika, kando ya chungu cha maharage, kisufuria cha matembele kwa mawese yaliyotoka Kigoma. Akapakua kwenye sahani ya shangazi, akachota kijiko cha kwanza, akala yeye mbele yake, akameza. Kisha akamkabidhi.

"Kula, wifi," alisema, "yatapoa."