Lifti Zisizo na Tarehe

Kazini walimwita Dada Ripoti. Kampuni yao ilihudumia lifti za majengo ya mji mzima, na yeye alikaa kati ya mfumo wenye taarifa za kila lifti na mameneja waliozitaka taarifa hizo. Huyu anataka za mtaa wake tu. Yule anataka zilizokaguliwa mwezi uliopita. Akimaliza, mwingine kasimama mlangoni: "Dada, nipunguzie hii, nibakishie za maghorofa marefu." Alikuwa akifika nyumbani watoto wameshalala, mpaka mama mkwe akasema mwanawe kaoa, lakini mke kaolewa na kompyuta.

Ndipo alipotengeneza faili moja la Excel lililovuta kila kitu kutoka kwenye mfumo. Juu aliweka visanduku vya njano: mtaa, jengo, tarehe ya ukaguzi. Meneja ajichagulie anachotaka. Asichokihitaji akiache wazi. Wakafurahi kama watoto waliopewa baiskeli, naye akaanza kunywa chai yake ingali moto.

Asubuhi moja aliitwa chumba cha mikutano kuwasha projekta. Mkurugenzi alikuwa na wageni, viongozi wa hospitali ya wazazi ambayo lifti zake kampuni ilizipokea karibuni kutoka kwa mafundi wengine. Meneja wa mafundi, mzee aliyeingia kazini kama kibarua wa kupaka grisi, alichagua jina la hospitali, kisha akachagua lifti ambazo ukaguzi wake umepitwa na muda. Jedwali likabaki tupu.

"Mnaona wenyewe," akasema. "Hakuna hata moja iliyochelewa."

Dada Ripoti akautazama ule weupe ukutani. Kichujio cha faili lake, kile kisanduku cha njano cha tarehe, kililinganisha tarehe tu. Lifti isiyo na tarehe haikuwa na cha kulinganishwa, kwa hiyo ilidondoka kimyakimya. Na wale mafundi wa zamani, waliacha kumbukumbu yoyote?

Akanyoosha mkono, akafuta chaguo la tarehe mbele ya wageni. Lifti mbili zikajitokeza. Mahali pa tarehe hapakuwa na kitu.

"Unafanya nini?" mkurugenzi akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Hizi hatujazikagua tangu tuzipokee." Akageukia wageni. "Faili lilizificha. Kosa ni langu, si la mzee."

Mgeni mmoja akasogea mbele. "Hiyo ya pili ndiyo inayopandisha wazazi kwenda chumba cha upasuaji."

Uso wa meneja ulikuwa umeiva kwa hasira, lakini simu tayari ilikuwa mkononi. "Fundi, acha hapo ulipo. Nenda hospitali, ukazime lifti ya upasuaji. Utauliza baadaye."

Fundi alikuwa jengo la jirani. Kwenye spika ya simu wakamsikia akikimbia, akihema, akigombana na mlinzi. Kisha akasema, "Mzee, inapanda sasa hivi. Kuna mama kwenye machela."

"Usiizime. Iache ifike."

Dada Ripoti alishika ukingo wa meza, akasikiliza pumzi za mtu aliye mbali. Mwishowe kengele ya mlango wa lifti ikalia.

"Wametoka," fundi akasema. "Nimezima."

Baadaye akatuma picha. Nyuzi za kamba ya chuma inayoibeba lifti zilikuwa zimekatika na kusimama kama nywele za mswaki mkuukuu.

Mkurugenzi hakumsemesha siku nzima. Mchana kutwa, lifti zote mbili zikiwa zimezimwa, wauguzi walibeba wagonjwa kwa ngazi, na meneja alikwenda mwenyewe kubadilisha kamba. Jioni akaja mezani kwa Dada Ripoti, grisi mpaka kwenye viwiko. Dada Ripoti alijua atafokewa. Mzee akavuta kiti.

"Haya, binti yangu. Nionyeshe kinachobaki nje ninapochagua."

Wakaongeza sehemu nyekundu juu kabisa, ya lifti zisizo na tarehe.

"Na meneja akitaka kuiondoa?" mzee akauliza.

"Haiondoki."

"Vizuri," akasema. "Sasa tuzitafute na hizo za mitaa mingine."