Bwana Mkono na Gari Lililogoma kwa Baridi

Mtaa mzima ulimwita Bwana Mkono, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Miaka yote aliyofanya kazi ya boila kiwandani, asubuhi za baridi majirani walikuwa wakihangaika na magari yao, huyu anasukuma, yule anamwagia injini maji ya moto utadhani ananyonyoa kuku. Yeye alitoka getini na gari lake kuukuu la rangi ya maziwa, limewaka kwa jaribio la kwanza, akashusha kioo na kusema, "Gari hili linaujua mkono wangu, jamani. Msiniulize siri." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu hata hakungoja kusifiwa na watu.

Mkewe alikuwa dobi wa hospitali. Walitoka pamoja alfajiri, yeye kwenye usukani, mkewe kiti cha kushoto na mkoba mapajani, akamshusha hospitali kisha akaelekea kiwandani. Walipostaafu hawakuiacha safari hiyo. Walikwenda kunywa chai kwenye kibanda kando ya lango la kiwanda, wakataniana na bawabu na wastaafu wengine, wakarudi nyumbani jua likiwa limepanda.

Mkewe alifariki msimu wa joto. Bwana Mkono aliendelea kwenda peke yake, maana kibandani ndipo mahali pekee aliposikia mtu akimwita. Nyumbani kulikuwa kimya kama maji ya mtungini. Kamba ya nguo uani ilikuwa bado na vibanio vyake, vile vile alivyoviacha mkewe siku alipoanua nguo za mwisho. Hakuvigusa. Mashati yake aliyaanika kwenye migongo ya viti, yakikauka na mikunjo, na hakukuwa na mtu wa kumcheka.

Kisha baridi ikaingia, ya kwanza bila mkewe, na gari likagoma. Alipiga staata, injini ikazunguka vizuri, lakini kuwaka ng'o. Akanunua betri mpya. Likagoma. Akabadilisha plagi. Likagoma. Vijana wa mtaani wakamsukuma mteremkoni, wakicheka, "Bwana Mkono, leo mkono umekufa ganzi?" Likawaka njiani, akalipeleka gereji, na huko likawa zima kabisa, linawaka kila fundi akigusa ufunguo. Akaonekana muongo. Asubuhi ya pili, ngoma ikawa ile ile. Siku ambazo vijana hawakuwepo, alishinda ndani, na chai akajipikia, akainywa amesimama.

Binti yake, aliyeolewa mji mwingine, alimpigia simu.

"Baba, hilo gari limezeeka. Nimepata mnunuzi wa vyuma chakavu, atakuja Jumamosi. Njoo ukae na sisi."

"Nikae kwenu nifanye nini? Nihesabu vigae?"

"Na hapo unafanya nini, baba?"

Mzee aliomba fundi mmoja alitazame kwanza. Akishindwa, mnunuzi na aje. Binti akakubali kwa shingo upande.

Fundi mwenyewe aliitwa Taratibu, kwa sababu kuharakishwa alikuwa hakubali. Alisikiliza habari yote akiwa ameegemea meza yake ya vyuma, kisha akacheka.

"Mzee, unaniletea mgonjwa akiwa ameshapona. Ugonjwa wa baridi hauonekani injini ikiwa moto. Leo likishalala, usiliguse. Nitakuja kwako kabla ya jua."

Na kweli alikuja, kofia imeshushwa mpaka masikioni, tochi mkononi. Kioo cha mbele kilikuwa na ukungu mzito. Akawasha taa, zikang'aa. Akamwambia mzee apige staata, akasikiliza. "Betri haina kosa." Akafungua plagi moja, akainusa, akaipangusa kwa kidole. "Kavu. Cheche ipo, ila petroli inayofika haitoshi. Injini ikiwa baridi inataka petroli nyingi na hewa kidogo, na hiyo ndiyo kazi ya choki. Choki unaivuta?"

"Fundi, unaniuliza mimi? Nilianza kuivuta hujazaliwa."

"Basi vuta nione."

Bwana Mkono akanyoosha mkono, akavuta kile kidude cheusi chini ya dashibodi, katikati ya viti viwili, kisha akaugeukia ufunguo. Taratibu hakuitazama injini. Aliingia upande wa kushoto, akakimulikia kidude tochi.

"Rudia." Mzee akarudia. "Sasa acha. Tazama hapa."

Kidude kilikuwa kikirudi ndani chenyewe, polepole, kama konokono aliyeguswa. Mzee alipofika kwenye ufunguo, choki ilikuwa imeshajifunga.

"Meno ya kukizuia yamelika," fundi alisema. "Na si mwaka huu. Haya yamekwisha miaka mingi. Baridi iliyopita liliwakaje?"

"Liliwaka. Jaribio la kwanza."

Taratibu akakipapasa kidude kwa dole gumba. Upande wa chini, ule unaoelekea kiti cha kushoto, rangi ilikuwa imefutika na plastiki imebonyea kidogo, laini kama sabuni iliyotumika.

"Mzee, hapa alikuwa anakaa nani?"

Bwana Mkono alikuwa anauona mkono wa mkewe, ule uliokakamaa kwa sabuni ya hospitali, umeshika pale pale kila alfajiri. Alikuwa akimkemea: "Wewe bibi, acha kuchezea vitu vya gari, utaharibu." Naye hujibu, "Nachezea nini? Nashikilia tu, kwa baridi." Gari likawaka, yeye akajipiga kifua: "Umeuona mkono huu?" Na mkewe, bila kucheka, "Nimeuona, bwana." Ule mkono haukuondoka hapo mpaka wapite kona ya tangi la maji, injini ikiwa imepata joto. Alikuwa akikirudisha kidude kidogo kidogo. Alijua lini kwamba meno yamelika? Nani alimfundisha? Na kwa nini alimwacha ajisifu mbele ya mtaa mzima? Hapakuwa na wa kumuuliza tena, na jambo hilo lilimuuma kuliko siku ya mazishi.

"Ndiyo hivyo," Taratibu alisema kwa upole, maana alikuwa ameshafahamu. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Meno mapya ya gari la zamani hizo kuyapata ni kazi. Lakini kibanio cha nguo kinatosha. Unacho?"

Mzee alishuka, akaenda uani. Alisimama chini ya kamba muda mrefu. Hatimaye akakibana kibanio kimoja cha mti, akakitoa. Taratibu akakibana shingoni mwa kidude, nyuma kabisa, ili kisirudi. Ufunguo ukageuzwa. Gari likawaka mara moja, likatetemeka, likatulia.

"Haya, Bwana Mkono!" fundi akapiga makofi.

"Usiniite hivyo," mzee alisema.

Binti alipiga simu kabla ya adhuhuri.

"Fundi kaliweza?"

"Linawaka."

"Lilikuwa na nini?"

"Mama yako ndiye aliyekuwa analiwasha, mwanangu. Miaka yote hiyo. Mimi nilikuwa nageuza ufunguo tu." Upande wa pili akasikia binti akipenga kamasi. "Yule mnunuzi mwambie asije."

Asubuhi iliyofuata baridi ilikuwa kali zaidi. Bwana Mkono alikitoa kibanio kwenye gari, akakirudisha kwenye kamba, pale pale kilipokuwa. Akaketi kwenye usukani. Kwa mkono wa kushoto akakivuta kidude na kukishikilia, dole gumba limeingia kwenye ule ubonyevu, kisha akageuza ufunguo kwa mkono wa kulia. Gari likawaka. Akakitazama kiti cha kushoto.

"Nimeuona," alisema.

Akaondoka polepole kuelekea kibandani, na mkono hakuutoa pale mpaka alipopita kona ya tangi la maji.